Wiki Tatu za Kungoja Kuulizwa

Ninyi vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu na bahasha za kaki mkononi, mkanipa shikamoo huku mnaangalia chini, nawajua. Siwaulizi mmetoka wapi. Mtu aliyekwenda kutafuta kazi akakosa, hata ajipanguse vumbi vipi, ana namna yake ya kufunga mlango polepole ili waliomo ndani wasijue kwamba amerudi. Mimi niliufunga mlango wa baba yangu namna hiyo kwa karibu mwaka mzima.

Watu wakija kwangu huniuliza habari za nta, maana nimeishi na nta tangu ujana mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Mwaka ule kabla ya nta hakuna anayeuliza. Nitawaeleza hata hivyo, ingawa si msemaji. Tangu utoto nilikuwa na haya mno. Mwalimu akiniuliza swali nilikuwa natamani aniruhusu nimwandikie jibu. Ndiyo sababu nilikuwa na daftari, na kila ambacho wengine walikisema mimi nilikiandika. Daftari hilo ninalo bado, panya wamelikula pembeni. Pale kumbukumbu yangu itakapoyumba nitasoma humo, hata yale yanayonitia aibu.

Kwanza nta yenyewe, maana najua wengine mmeijia hiyo tu.

Nta ina adabu zake. Ukiipika kwenye chombo cha chuma inabadilika rangi, inakuwa kama maji ya mto wakati wa masika, na mnunuzi anakunja pua. Isichemke. Ikichemka imekwisha. Maji yawe chini, moto uwe mdogo, masega juu, na kitambaa cha kuchujia kiwe kimelowa kabla ya kuanza. Ukiipika ikatulia, uchafu hushuka wenyewe. Hayo ndiyo mashapo, na mashapo hayaingii kwenye bonge. Ukishaimimina ifunike kwa gunia ipoe taratibu, la sivyo itapasuka kama kisigino cha mkulima. Na ukiwa wewe ndiwe mnunuzi, usiuamini uso wa bonge. Likune kwa ukucha, linuse, tafuna kidogo. Nta safi huvunjikavunjika mdomoni. Iliyotiwa mafuta ya ng'ombe hunata kwenye meno. Halafu chukua shoka, livunje, utazame tumbo lake. Nimekuta tumboni mwa nta unga wa muhogo, nimekuta mchanga, na siku moja nilikuta jiwe zima la mafiga, na mwenyewe akaapa kwamba ni nyuki waliolileta.

Hayo yote nilifundishwa na mtu mmoja, Mzee Kondo, Mzaramo aliyekuja Tabora na reli akabaki. Alikuwa nyapara wa godauni moja la nta kule Mtendeni. Lakini kabla hajanifundisha alinifukuza.

Kwetu ni Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Baba yangu, Matayo, alikuwa mkulima na mwenye mizinga, na Mkristo asiyekosa Jumapili. Nilisoma mpaka darasa la kumi, jambo ambalo wakati wa Mwingereza halikuwa dogo kijijini kwetu, nikaanguka mtihani. Baba alikuwa amekwisha kuwaambia watu nje ya kanisa kwamba mwanawe Gabrieli atakuwa karani wa boma, atakaa kwenye kiti chenye mgongo. Alipopata habari hakunigombeza. Alikwenda kukagua mizinga yake, akakaa huko porini siku mbili.

Nikaanza kuandika barua. Niliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kulaza, nikaziandikia boma, reli, posta na hospitali. Majibu yaliyorudi yalikuwa mawili. La kwanza lilisema nafasi hakuna. La pili halikuwa langu, lilikuwa la mtu mwingine lililoingia kwenye bahasha yangu kwa makosa, na huyo naye alikuwa amenyimwa. Nilikaa nalo siku nzima nikimhurumia mtu nisiyemjua, kisha nikakumbuka kwamba huenda naye amekaa na langu.

Daftari linasema: "Leo nimeamka kabla ya jogoo. Nimefua shati. Sina pa kulipeleka."

Nawaambia neno moja hapa kabla sijasahau. Shati lile nililifua kila siku, hata siku nilizojua siendi popote. Watu watawaambia ni kujidanganya. Mimi naona ndicho kitu pekee nilichokifanya vizuri mwaka ule.

Sasa, miaka ile kila kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha, wakala wa mashamba ya mkonge alikuja kwenye baraza la jumbe wetu. Alikuwa na karani, daftari la majina na marobota ya blanketi. Ukiandikwa unapewa blanketi, unapandishwa treni mpaka upande wa pwani, unakuwa manamba. Baba yangu mdogo alikwenda huko akarudi na vidole vitatu mkono wa kuume. Wengine hawakurudi, na hakuna aliyejua kama ni kufa au kunogewa.

Asubuhi moja baba alikuwa anachonga mzinga mpya. Akasema bila kuinua kichwa, "Gabrieli, mvua ikianza nawe hujapata kazi, nitampa jumbe jina lako."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Si kwamba nakuchukia."

"Najua, baba."

Alikuwa na watoto wengine watano, na mwaka ule mahindi yalikuwa yameliwa na ndege. Basi, nilijua kipimo changu: kazi kabla ya mvua, au mkonge.

Nikasikia kwamba godauni la Mtendeni litaongeza watu. Nikaenda. Hapa, vijana, msikilize kosa langu, maana najua halifanani na makosa yenu, lakini ni ndugu yao.

Nyumbani kwetu mtoto hamwanzi mkubwa kwa maneno. Unamwamkia, unasogea pembeni, unangoja. Hata mgeni mtu mzima hafiki akasema shida yake mlangoni. Atasalimiwa, atapewa maji, ataulizwa habari za huko atokako, mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme haya, sasa tueleze. Kusema kabla ya hapo ni kuonyesha kwamba hukulelewa. Nami nililelewa.

Siku ya kwanza nilifika, nikamwambia Mzee Kondo shikamoo. Akasema marahaba, akaendelea kupima nta. Nikasogea kwenye nguzo ya kibaraza nikasimama. Hakuniuliza kitu mpaka jioni. Nikadhani ananipima uvumilivu. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa. Nilimwamkia, akaitikia, nikasimama kwenye nguzo yangu. Na kwa kuwa mikono mitupu inatia aibu, nikatoa daftari nikawa naandika. Niliandika kila nilichokiona: nani kaleta nta, anatoka upande gani, bonge lilikuwaje, Mzee Kondo alilipiga wapi kwa shoka. Nilikuwa na shati jeupe, kaptula iliyopigwa pasi, na penseli.

Mzee Kondo alianza kunitupia maneno. Mara aulize hewani ni nani aliyeongeza nguzo nyingine kibarazani, na mbona hii haibebi paa. Mara aseme kwamba mababu wa Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, lakini huyu penseli tu inamlemea. Wapagazi wakacheka. Nilijua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kila mtu anajua hilo. Lakini niliona utani ni wa mtu na mwenzake, si wa nyapara na mtu asiye na kazi. Sikujibu. Nikaandika: "Nyapara ananichukia. Leo ameniita nguzo."

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona nisilielewe. Baadhi ya watu wa vijijini walikuwa wakitokeza kwenye kona na nta zao kichwani, wanatazama kibarazani, halafu wanageuka. Niliandika hilo pia. Nilidhani wanaliogopa shoka.

Wiki ya tatu ilipokwisha, Mzee Kondo alinifuata kwenye nguzo. Hakutania. Alisema kwa sauti ya chini, "Kijana, ulichotumwa kukitazama umeshakiona. Nenda kamwambie aliyekutuma kwamba hapa tunafanya kazi yetu tu."

Sikuelewa hata neno moja. Nikasema, "Ndiyo, bwana," nikaondoka.

Siku zilizofuata ndizo nilizotaka kuziruka, lakini nimeahidi. Kila asubuhi niliamka, nikavaa shati langu, nikaaga kwamba nakwenda mjini. Nikishapita mashamba ya mwisho nilikuwa naiacha njia na kwenda kukaa kwenye magofu ya tembe moja la zamani, kuta zake zimebomoka usawa wa kiuno. Nilikaa hapo mpaka jua lishuke, kisha nikarudi. Baba aliuliza, "Vipi?" Nami nikasema, "Wamesema nirudi kesho."

Kukosa kazi kulinichubua tu. Uongo ule ndio ulionivunja. Siku ya kwanza nilimdanganya baba. Siku ya tano nilikuwa nimeanza kujidanganya mwenyewe, maana nilirudi nimechoka kweli, nikamnung'unikia mama kwamba watu wa mjini hawana huruma. Na kwa kuwa kutwa nzima sikuwa nimezungumza na mtu, sauti ilikuwa ikitoka imekwaruza, mama akadhani nina kifua, akanichemshia majani. Nikayanywa. Daftari la siku zile lina kurasa nyingi zilizojaa maneno mazuri mazuri juu ya dunia na ubaya wake. Humo hakuna mahali palipoandikwa kwamba sijamwomba mtu yeyote kazi kwa mdomo wangu. Sikuwa nimeliona hilo.

Ikawa baba amevuna masega yake ya mwisho wa msimu. Kabla hajayapika, akaitwa msibani upande wa Kipalapala. Akaniachia vyungu viwili vya masega nivipike. Chungu cha kwanza nilikipika vema. Cha pili nilikiweka motoni, nikakaa kando na daftari. Nilikuwa katikati ya sentensi ndefu kuhusu maisha yangu. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilipoinua kichwa nta ilikuwa inachemka, imeanza kuwa nyeusi, na mashapo yamevurugika juu chini.

Wakati huo nilikuwa nimeshaimimina nusu ya ile safi ya chungu cha kwanza kwenye bakuli la kugandishia, imeanza kuganda. Nikaogopa. Nikachimba shimo katikati yake, nikaimwaga humo ile iliyoungua, na mashapo yake yote, nikangoja igande, kisha nikaimalizia ile safi iliyobaki juu kabisa. Bonge likatoka la manjano, laini, limependeza kila upande. Sikuwa na nia ya kumwibia mnunuzi. Nilitaka baba asijue. Lakini nta haijui nia ya mtu.

Baba aliporudi alilipapasa lile bonge akafurahi. Akasema, "Jitwishe, twende wote." Nikauliza tunakwenda wapi. "Mtendeni, kule godauni. Si ndiko unakoambiwa urudi kesho?"

Mwendo wa saa mbili kwa miguu, bonge kichwani, yeye mbele ananisimulia habari za msiba. Nilijikwaa mara tatu. Nilitamani lianguke lipasukie porini.

Mzee Kondo alipotuona alisita. Akanitazama mimi, akamtazama baba, akalitazama bonge. Wakaamkiana, wakaulizana habari kama inavyotakiwa. Akalikuna, akalinusa, akatafuna kipande, akatabasamu. Akasema nta yako inanukia asali, mzee. Kisha akainua shoka.

Bonge likagawanyika sehemu mbili. Juu manjano, chini manjano, na katikati mkanda mweusi wenye takataka na miguu ya nyuki.

Palikuwa na wapagazi na wauzaji kama kumi hivi. Mzee Kondo hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee mwenzangu. Kwa umri huu?"

Baba aliinama akatazama tumbo la nta yake. Mtu aliyepika nta maisha yake yote hahitaji kuambiwa. Aliona imefanywaje, na vyungu vile alikuwa amemwachia mtu mmoja tu. Hakugeuka kunitazama. Akatandika kitambaa chini, akaanza kuokota vipande. Mjue maana yake. Wauzaji wa nta wanazungumza. Mtu ambaye nta yake imevunjwa ikakutwa na tumbo jeusi, popote atakapoipeleka tena itavunjwa mara tatu, na jina lake litatajwa kwenye moto wa kila kambi ya warina asali. Na baba yangu alikuwa anaokota vipande, amekubali kubeba jina hilo.

Daftari linasema hapa, "Sauti ikatoka." Basi.

Nilisema, "Bwana Kondo, shikamoo. Nta hiyo nimeipika mimi. Baba alikuwa msibani. Niliiunguza, nikayaficha mashapo katikati ili asiyaone. Yeye hajui."

Mzee Kondo alinigeukia polepole. "Kumbe nguzo inasema." Kisha akamwuliza baba, "Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Mimi nilidhani ni wa boma. Wiki tatu amesimama pale anaandika watu. Nikajua ni karani wa kodi. Wenye nta wakimwona kwenye kona wanakimbilia godauni la jirani. Amenifukuzia nusu ya msimu."

Nyakati zile, wajukuu, kijana mwenye shati jeupe na daftari, asiyesema shida yake, alikuwa na maana moja tu. Nani amelipa kodi ya kichwa na nani hajalipa. Watu walikuwa wakilala porini kumkwepa.

Baba akasema, "Kodi gani? Huyu anatafuta kazi."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Hajaniomba kazi huyu. Hajaniomba hata maji."

Wote wakanitazama. Nikasema ukweli, sikuwa na kingine. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Wakacheka. Mpagazi mmoja alitua gunia ili acheke vizuri. Mzee Kondo alikalia mizani yake mwenyewe, anafuta machozi. Baba hakucheka. Alifunga kitambaa chake fundo, akasimama.

"Msimcheke," alisema. "Hilo si kosa lake. Mimi ndiye niliyemfundisha asianze kusema mbele ya wakubwa. Nilimfundisha mno."

Mzee Kondo akaacha kucheka. Akamwambia baba, kwa heshima sasa, kwamba nta hiyo irudi ikapikwe upya, yeye ataipokea na hatalitaja jambo hili. Halafu akanielekezea kidole. "Na wewe, Mnyamwezi, ombi lako bado sijalisikia. Baba yako ameomba. Wewe hujaomba."

Njiani kurudi baba aliniacha nitangulie. Tulipofika karibu na mashamba aliniuliza, "Siku hizi zote ulikuwa unakwenda wapi?" Nikamwonyesha yale magofu. Akayatazama akasema, "Pana kivuli kizuri." Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma vile. Baada ya hatua nyingi akaongeza, "Kesho nenda peke yako."

Tuliipika upya wote wawili, yeye akichochea moto na mimi nikichuja. Asubuhi nikajitwisha. Njia nzima nilifanya mazoezi kwa sauti: Bwana Kondo, naomba kazi. Bwana Kondo, naomba kazi. Mama mmoja aliyebeba kuni alinipita akaitikia, "Amina."

Mzee Kondo alilivunja bonge, akalitazama tumbo, akalipima, akamgeukia mtu mwingine. Hakuniuliza kitu. Na miguu yangu, naapa, ilianza yenyewe kwenda kwenye ile nguzo. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili. Nikarudi. Nikasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, mfano wa mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, "Bwana Kondo, naomba kazi!"

"Kazi gani?"

Sehemu hiyo sikuwa nimeifanyia mazoezi. "Yoyote yenye nta," nikasema.

"Karani ninaye. Ni mpwa wa tajiri."

"Sikuomba ukarani."

"Utauweza moto wewe? Au utauandikia barua uwake?" Wapagazi wakaanza kusogea kusikiliza. "Ninyi watu kazi yenu inajulikana. Kubeba tu."

Sijui yalitoka wapi. "Ni kweli," nikasema. "Babu zangu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani. Walipofika waliwakuta babu zako wamelala. Wakawaamsha wawafungulie mlango."

Mzee Kondo alinitazama muda mrefu, uso hauna kitu. Nikaona treni, nikaona blanketi. Kisha akamwambia mpagazi aliyekuwa karibu, "Umemsikia mtani wangu? Wiki tatu nampigia hodi, leo ndiyo anafungua." Akanigeukia. "Vua hilo shati lisiungue. Nyuma kuna mapipa manne ya nta chafu."

Nilipika mapipa yale mpaka nyusi zikaungua. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Mwenzangu tuliyesoma naye alipita siku moja kutoka posta, amevaa soksi ndefu, akaniona kifua wazi na masizi usoni, akajifanya hanijui. Nami nikajifanya simjui, ili asipate tabu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nikiulizwa nimefanya nini leo, nina jibu.

Miaka mingi baadaye Mzee Kondo alipochoka nikawa mimi nyapara. Kila asubuhi, kabla ya kugusa mizani, nilikuwa napita kibarazani kumwuliza kila aliyesimama: mwenzangu, una shida gani? Mzee Kondo alikuwa akinicheka, akisema nusu yao wamefuata kivuli, na ilikuwa kweli. Lakini wapishi wangu wawili bora niliwapata hivyo, watu waliosimama siku nyingi wakitazama chini. Hata hivyo msiende mkanitafuta kwenye kila mlango. Mimi nimestaafu. Kwenye milango mingi yule aliyemo ndani anapima nta yake, hajui umekuja kwa nini. Sema. Ukinyimwa utajua umenyimwa na mtu, si na nguzo.

Limebaki la mwisho. Wiki ile ile niliyopewa kazi mawingu yalianza kujikusanya upande wa mashariki, na wakala wa mkonge akaja. Baba alikuwa ameshampa jumbe jina langu tangu nilipokuwa kwenye magofu. Nilikuja kulijua hilo siku hiyo. Tukaenda wote barazani. Watu wengi walikuwepo, wakiwamo wale waliosikia nje ya kanisa habari za kiti chenye mgongo.

Karani wa wakala akasoma, "Gabrieli Matayo."

Baba akasogea mbele. "Huyo ana kazi."

Karani akauliza ni kazi gani, ya boma? Nilimwona baba akivuta pumzi. Angeweza kusema lolote, nisingelikanusha.

"Anapika nta," alisema. "Mtendeni."

Nyuma yetu mtu akaguna kicheko. Baba hakugeuka. Akarudia kwa sauti zaidi, neno moja moja, ili asikie hata aliyekaa mbali. "Mwanangu anapika nta."

Karani akachovya kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu. Kisha akaita jina lililofuata. Akatoka mtoto wa jirani yetu, tuliyeanza naye darasa la kwanza, akaenda kupokea blanketi. Darasani alikuwa akinishinda kwa kila kitu, na alikuwa na haya kuliko mimi.